Jinsi ya kuisoma bei ya chini kabla ya kuinunua au kupambana nayo

Ninauza vifaa vya umeme: nyaya, soketi, swichi, balbu, ekstensheni. Katika kazi hii hakuna wiki inayopita bila mtu kuniambia, "Kule nimekiona hichohicho kwa nusu ya bei yako." Mwingine huisema kwa hasira, mwingine kwa huruma, kama anayenipa pole. Wote nawauliza swali moja: hiyo nusu iliyopungua imetolewa wapi? Bei haishuki yenyewe. Ikishuka, ujue kuna kitu kimepunguzwa, au kimehamishwa, au kuna mtu mwingine anakilipia. Ukikijua, utajua kama bei hiyo itadumu, itawafanya nini wauzaji wengine, na wewe ufanye nini.

Maelezo haya nimeyaandika kwa watu wawili. Wa kwanza ni mnunuzi anayetaka pesa yake imfikishe mbali. Wa pili ni mwenye duka dogo aliyeamka na kukuta mshindani ameshusha bei hadi chini ya ile anayonunulia yeye. Wengi wetu ni wote wawili: asubuhi tunauza, jioni tunanunua.

Tafuta kwanza tofauti imetoka wapi

Bei inayoshuka kwa sababu kazi imepangwa vizuri zaidi ndiyo bora kuliko zote, na hiyo inunue bila kusita. Mfano wake mkubwa ni gari la Ford, Model T. Lilipotoka mwaka 1908 liliuzwa dola 850. Mwaka 1913 kiwanda kikaanza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, na muda wa kuunganisha chasi moja ukashuka kutoka saa 12 na nusu hivi hadi dakika 93. Kufikia 1925 Model T ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 260. Tofauti yote hiyo ilitoka kwenye muda na kwenye wingi. Watengenezaji wadogo waliokuwa wakiunganisha gari mojamoja waliumia, wengi wakafunga, lakini mnunuzi alipata gari zima.

Akiba ya namna hii mara nyingi unaweza kuiona kwa macho. Nenda kwenye duka la Aldi, kampuni ya Ujerumani iliyokuzwa na ndugu Karl na Theo Albrecht: bidhaa zimebaki kwenye maboksi yaleyale yaliyozileta, aina ni chache, nyingi zina nembo ya duka lenyewe, na msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta, umechapwa pande kadhaa za pakiti ili mtu wa kaunta asihangaike kuigeuzageuza. Kila kilichoachwa kinakueleza bei imeshukaje. Shirika la ndege la Southwest la Marekani, lililoanza safari zake mwaka 1971, nalo lilijijenga juu ya aina moja ya ndege, Boeing 737. Rubani wake yeyote aliweza kurusha ndege yake yoyote, stoo ya vipuri ikawa moja, na ndege ikitua hugeuzwa upesi irudi angani, maana ndege iliyokaa chini haiingizi kitu.

Southwest inafaa kuangaliwa kwa jambo jingine pia. Mwaka 1993 Wizara ya Usafiri ya Marekani iliyapa jina, "athari ya Southwest", mambo yaliyokuwa yakijirudia: shirika hilo likiingia kwenye njia mpya, nauli za mashirika mengine kwenye njia hiyo nazo hushuka, na idadi ya abiria huongezeka. Mwenye duka, tafakari hapo kwenye abiria kuongezeka. Bei ya chini haiwahamishi wateja waliopo tu, inawaleta na watu ambao hawakuwa sokoni kabisa. Kwa hiyo ukiona foleni kwa mshindani wako, usiihesabu yote kuwa ni wateja uliopokonywa. Sehemu yake hawakuwahi kuwa wako.

Alama za bei ya namna hii ni nyepesi: iko chini siku zote na haisubiri wiki ya ofa, kitu chenyewe hakijapungua chochote, na muuzaji anaweza kukuonyesha alichokiacha ili afike hapo.

Kagua kama kilichopungua ni kitu chenyewe

Hapa ndipo penye kazi yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Weka ekstensheni mbili mezani. Zote nyeupe, zote zina matundu manne, zote zimeandikwa 1.5 mm² kwenye waya. Moja ni nusu ya bei ya nyingine. Zinyanyue, moja kila mkono. Mara nyingi utaijua iliyo bora kwa uzito tu, kwa sababu shaba ni nzito. Halafu chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye pini za plagi. Shaba ya manjano, ambayo ndiyo inayotakiwa hapo, haivutwi na sumaku. Sumaku ikinata kwa nguvu, umeshika chuma kilichopakwa rangi, na chuma hakipitishi umeme vizuri, hushika kutu, na kikilegea kwenye tundu hupata joto.

Kisha kata ncha ya waya, menya mpira, utoe uzi mmoja na kuukwaruza kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona chini ya ule wekundu kuna weupe, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba ya unene uleule. Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Waya wa shaba wa 1.5 mm² ulio kamili hubeba mzigo huo bila taabu. Waya wa alumini ambao hata huo unene ulioandikwa haujafika nao utaubeba, ila kwa kupata moto, mpaka mpira unalainika na chumba kinaanza kunuka.

Sasa rudi kwa mnunuzi. Yeye anaona ekstensheni mbili nyeupe zenye matundu manne. Hana kisu wala sumaku, na hakuna duka linalomruhusu kukata waya asioununua. Kwa macho yake ni kitu kimoja chenye bei mbili, na mtu mwenye akili timamu huchukua cha bei ndogo. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, jinsi soko la namna hii linavyojila lenyewe: mnunuzi asipoweza kutofautisha kizima na kibovu hulipa bei ya katikati, bei hiyo haimtoshi mwenye kizima, naye anaondoka, na kinachobaki sokoni ni vibovu zaidi. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Mimi nimeiona ikitokea kwenye stoo ya msambazaji mmoja niliyekuwa nikichukua mzigo kwake. Aliacha kuleta ekstensheni ya shaba tupu. Ilikuwa ikiuzika, tena waliozoea waliirudia, ila ilikwenda taratibu, huku ile nyingine ikimaliza katoni kwa siku chache. Kwake mtaji uliolala ni hasara, na siwezi kumlaumu. Lakini tangu siku hiyo hata mteja aliyekuwa tayari kulipia shaba alilazimika kuitafuta mbali.

Hili ndilo jambo linaloniuma zaidi katika habari yote ya bei za chini. Bei ikishindana na bei, mnunuzi hufaidi. Bei ikishindana na kitu kilichofichwa ndani ya mpira, mnunuzi anadhani amefaidi, na mtengenezaji mwaminifu anafunga kiwanda.

Dawa ni kukitoa nje kile kilichofichwa. Kama wewe ni muuzaji, usiseme neno baya juu ya duka la mwenzako, onyesha. Kwenye kaunta yangu nimefunga vipande viwili vya waya uliokwaruzwa, na sumaku kando yake. Mteja anajaribu kwa mkono wake mwenyewe, kisha anaamua. Wako wanaoangalia, wanaelewa, na bado wanachukua ya rahisi, na mara nyingine wako sawa: anayetaka kuchomeka chaja ya simu na taa ndogo haihitaji ampea 9. Basi na hiyo ninayo, nyembamba na ya bei nafuu, nimeandika juu yake kwa kalamu nzito: "Chaja na taa tu. Pasi na hita hapana." Kitu cha bei ya chini kinachosema ukweli juu yake ni bidhaa halali kabisa.

Kama wewe ni mnunuzi, gawanya bei kwa muda utakaokitumia kitu. Balbu ya zamani ya nyuzi ilitengenezwa kudumu kiasi cha saa 1,000, na kwa mwanga wake ilikula wati 60. Ya LED iliyo nzuri hutoa mwanga wa aina hiyo kwa wati 9 hivi na huandikwa kudumu saa 15,000 au zaidi. Ukilinganisha bei ya dukani peke yake, balbu ya nyuzi hushinda. Ukiweka saa na umeme humo ndani, haifui dafu. Lakini hesabu hiyohiyo inaweza kukupeleka upande wa pili. Taa za kupamba ukumbi usiku mmoja hazina haja ya kudumu miaka, chukua za rahisi.

Uliza bei ya mwisho

Kuna bei ya chini ambayo ni mlango tu. Printa inauzwa karibu na bure na wino wake ndio unaokumaliza. Nauli ya ndege inakuvutia, halafu unalipia begi, unalipia kuchagua kiti, na mashirika mengine hukulipisha hata kuchapishiwa pasi ya kupandia uwanjani. Mimi silioni hili kuwa ni wizi likiwekwa wazi, maana asiye na begi halazimiki kumlipia mwenye begi. Kazi yako ni moja: kabla ya kulinganisha, andika kila utakacholipa kuanzia siku ya kununua hadi mwaka mmoja mbele, vifaa vya kujazia, matengenezo, ada, vyote. Linganisha jumla hizo.

Angalia kama kuna mtu anachoma mtaji

Hii ndiyo inayowatisha wenye maduka, na ina haki ya kutisha. Mtu mwenye mfuko mkubwa anauza chini ya gharama zake kwa makusudi ili wengine wachoke.

Mwaka 1977 Freddie Laker wa Uingereza alianzisha Skytrain, safari za ndege za bei ya chini kati ya London na New York. Mashirika makubwa yakamjibu kwa kushusha nauli zao, na mwaka 1982 kampuni yake, iliyokuwa pia na madeni mazito, ikaanguka. Kesi ikafunguliwa kwamba walikula njama ya kumwangusha, na mwaka 1985 mashirika hayo yakakubali kulipa ili kumaliza shauri nje ya mahakama. Mtandaoni nako yapo. Kampuni ya Quidsi, iliyouza nepi za watoto kwenye intaneti, ilikuta Amazon imeshusha bei za nepi kwa nguvu, na mwaka 2010 ikakubali kununuliwa na Amazon hiyohiyo kwa dola milioni 545 hivi. Mwaka 2017 Amazon ikaifunga.

India ilikuwa tofauti kidogo, na ndiyo inayonifundisha zaidi. Septemba 2016 kampuni ya simu ya Reliance Jio iliingia sokoni kwa kutoa huduma bure kwa miezi kadhaa. Bei ya intaneti, iliyokuwa juu, ikaporomoka hadi kuwa miongoni mwa za chini kabisa duniani, na mamilioni ya watu wakaingia kwenye intaneti kwa mara ya kwanza. Hiyo ni faida ya kweli, na haijafutika. Wakati huohuo, mwaka 2018 kampuni nyingine ya simu, Aircel, iliomba kufilisiwa, na nyingine mbili, Vodafone India na Idea, zikaungana. Desemba 2019, kampuni zikiwa zimebaki chache, zote kubwa zikapandisha bei, na Jio yenyewe ilitangaza nyongeza ya hadi asilimia 40. Hata baada ya nyongeza hizo intaneti ilibaki nafuu kuliko ilivyokuwa kabla ya 2016. Kwa hiyo anayesema bei ya kutupa ni baraka tupu ameangalia nusu, na anayesema ni balaa tupu naye vilevile.

Utajuaje kama mshindani wako anachoma mtaji? Pigia msambazaji simu uulize bei ya jumla ya kitu kilekile, modeli ileile, kwa kiasi kikubwa kabisa anachouza. Ikiwa bei ya reja reja ya mshindani iko chini ya hapo, basi ama anamalizia mzigo wa zamani, ama mzigo wake una njia isiyo safi, ama analipa tofauti kutoka mfukoni. Mzigo wa kumalizia huisha, kwa hiyo subiri kidogo. Bei ikibaki pale mwezi baada ya mwezi, na rafu zake zimejaa, na huoni alichokiacha kama Aldi, anachoma.

Kisha jiulize swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito: akishawamaliza wengine na kupandisha bei, kuna ugumu gani kwa mtu mwingine kurudi? Kuuza balbu kunahitaji chumba, leseni na katoni chache. Akipandisha leo, kesho kutwa kuna mtu amefungua mlango wa pili. Kwenye soko la namna hiyo mchoma mtaji hatarudisha alichochoma, na usipofilisika kwa kumfuata, utamwona akichoka. Kwenye minara ya simu, masafa ya redio na mitandao ambayo kila mtu yumo kwa sababu wenzake wamo, kurudi ni kazi kubwa sana, na hapo ndipo hofu ina msingi.

Mahakama nazo huuliza karibu hayohayo, kila moja kwa njia yake. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Brooke Group, ilisema anayelalamika lazima aonyeshe kwamba bei iko chini ya gharama na kwamba mshindani ana uwezekano wa kuja kuirudisha hasara hiyo baadaye. Ulaya ni wakali zaidi. Katika shauri la AKZO la mwaka 1991, mahakama ilisema kampuni yenye nguvu sokoni ikiuza chini ya wastani wa gharama zinazobadilika, yaani zile zinazopanda na kushuka na kiasi kinachotengenezwa, inachukuliwa kuwa imetumia nguvu yake vibaya. Ikiuza juu ya hapo lakini chini ya gharama zote kwa jumla, kosa lipo kama kuna mpango wa kumwondoa mshindani. Katika yote mawili, bei ya chini peke yake si kosa. Ukitaka kulalamika mbele ya mamlaka ya ushindani, usiende na uchungu mtupu. Nenda na risiti zenye tarehe, bei ya jumla iliyoandikwa, na maelezo ya nguvu aliyonayo huyo mtu sokoni.

Mnunuzi, wewe bei hiyo itumie, ni yako. Ila usijifunge nayo: usilipe mwaka mzima mbele, usitupe namba ya muuzaji wako wa zamani, usihamishie kila kitu kwa mtu mmoja.

Kuna anayelipa asiyeonekana

Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mwenye duka na mnunuzi hawana nguvu kubwa hapa, lakini siwezi kuliruka. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Bangladesh, lenye viwanda vya nguo, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaambiwa warudi kazini. Nguo walizoshona zilikuwa nafuu kwa sababu, pamoja na mengine, jengo lilikuwa nafuu. Mara nyingine anayelipa ni hazina ya serikali: Marekani ilikuwa ikiruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, njia ambayo wauzaji wa mtandaoni wa bei za chini waliitumia sana, hadi ilipofungwa kwa mizigo ya China Mei 2025 na kwa nchi zote Agosti mwaka huohuo. Bei iliyosimama juu ya mwanya wa sheria hubadilika siku mwanya unapozibwa. Usijenge biashara juu yake.

Piga hesabu kabla ya kushusha bei yako

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna inapopotea upesi kama kwenye vita vya bei. Chukua kitu unachokinunua 70 na kukiuza 100. Unabaki na 30 kwa kila kimoja, na ukiuza vipande 100 kwa mwezi unapata 3,000 kabla ya kodi ya pango na mishahara. Mshindani ameshuka, nawe unashuka asilimia 10, unauza kwa 90. Sasa unabaki na 20. Ili uzifikie zile 3,000 lazima uuze vipande 150. Yaani punguzo la asilimia 10 linakudai wateja zaidi kwa asilimia 50, ili tu ubaki pale ulipokuwa. Kama ulikuwa ukikinunua 80, punguzo hilohilo linakudai uuze mara mbili. Na mshindani naye akishuka tena, wateja hao hawaji.

Igeuze hesabu hiyo. Ukikataa kushuka na ukapoteza robo ya wateja, unauza vipande 75 kwa faida ya 30: unabaki na 2,250. Ukishuka na mauzo yasiongezeke, unabaki na 2,000. Fanya hesabu hizi kwa namba zako kabla hujabadilisha kibandiko hata kimoja. Mara nyingi kusimama ni hasara ndogo kuliko kufuata.

Halafu usiyatendee yote kwa namna moja. Wateja hukumbuka bei za vitu vichache tu, vile wanavyonunua mara kwa mara. Kwangu ni balbu na utepe wa umeme. Kwa vitu hivyo sikubali kuzidiwa, hata faida ikiwa nyembamba, kwa sababu ndivyo wanavyotumia kuamua kama duka zima ni ghali. Sakiti breka hakuna anayekumbuka bei yake, anachotaka ni uhakika kwamba itakata umeme siku ya hatari. Hapo bei yangu haishuki, na hapo ndipo ninapompimia mteja waya kwa urefu anaoutaka, ninamjaribishia kifaa kabla hajatoka, na ninamwandikia risiti yenye tarehe ili akirudi nacho tusibishane.

Jihadhari na kujitangaza kuwa wewe ndiye wa rahisi kuliko wote. Kampuni ya magari ya Tata ya India ilitoa gari la Nano mwaka 2009 likijulikana dunia nzima kama gari la bei ya chini kuliko yote, na uzalishaji ukaisha 2018. Ratan Tata mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wake, alikuja kusikitika kwamba lilitangazwa hivyo. Anayeweka akiba miaka ili anunue gari hapendi barabara nzima ijue kwamba alinunua la rahisi kuliko yote.

Na ofa je?

Bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu ina kazi moja, kukuonyesha bei ilikotoka. Mwaka 2012 maduka ya JCPenney ya Marekani yaliacha kuponi na ofa, yakaweka bei nafuu za kila siku. Mauzo yakaanguka kwa robo ndani ya mwaka mmoja, na mkurugenzi akaondolewa Aprili 2013. Wanunuzi walitaka kuuona mstari ule. Kwa sababu hiyo una nguvu, na kwa sababu hiyo unaghushiwa. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika 28 Mei 2022, unamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Huhitaji kuwa Ulaya kuitumia kanuni hiyo. Kitu unachokitaka, kipige picha na bei yake mwezi mmoja kabla ya msimu wa ofa.

Weka daftari la bei za jirani

Chagua vitu vichache, visizidi kumi, ambavyo wewe na mshindani wako mnauza vya modeli ileile. Kila Jumatatu mtume mtu aangalie, uandike tarehe, bei yake, bei ya jumla ya wiki hiyo, na kama mzigo upo au umekwisha. Safu ya mwisho usiiache, maana bei ya chini isiyo na mzigo ni tangazo tu. Andika pia kila duka linalofungua au kufunga mtaani hapo. Baada ya miezi mitatu kaa nalo chini. Bei yake ikishuka pamoja na bei ya jumla, ananunua vizuri kuliko wewe, katafute msambazaji mwingine au uungane na wenzako muagize pamoja. Ikiwa imekaa chini ya bei ya jumla muda wote, mwachie vitu hivyo, uimarishe vile asivyonavyo. Na ukiona imeanza kupanda wiki chache baada ya duka jingine kufunga, agiza mzigo wa vitu hivyo mara moja.